Tableti ilinizimikia juu ya Bonde la Ufa. Ninunue GPS gani?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mfamasia, mzaliwa wa Mombasa, kazi yangu iko Nairobi. Leseni ya kuruka kwa kujifurahisha niliipata miaka miwili iliyopita, na tuko watu wanne tuliochangia Cessna 150 kuukuu, ndege ya viti viwili, pale uwanja wa ndege wa Wilson. Zamu yangu ni Jumapili moja kwa mwezi, na Jumapili hiyo, Mungu anisamehe, siigawi na mtu.

Januari rafiki yangu anayeendesha kambi ya wageni kusini, kati ya Magadi na Kajiado, alinitumia kwa simu namba za mahali kilipo kiwanja chake cha ndege cha vumbi: "1 48 kusini, 36 30 mashariki. Karibu chai." Nikaziingiza kwenye programu ya ramani ndani ya tableti hivi: 1.48 S, 36.30 E. Programu ikachora mstari na kuandika maili 32. Yeye alishaniambia ni kama maili 34 kutoka Wilson, basi sikuwa na shaka. Nikamchukua shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye hakuwahi kupanda ndege ndogo.

Waongozaji wa ndege walipotuachia tuendelee na safari, nikaufuata mstari. Tukapita juu ya mitambo ya upepo ya Ngong, shemeji akafurahi kuiona kwa juu, akapiga picha. Dakika ishirini na kitu tangu turuke, tukafika. Mwalimu, hapakuwa na kitu. Vichaka, korongo, boma moja na mbuzi wake. Nikazunguka mara mbili, mara tatu. Ndipo ile tableti niliyokuwa nimeibandika juu ya dashibodi, chini ya kioo, ikaandika kwamba joto limezidi, na skrini ikazima. Jasho likanitoka hadi kwenye viatu. Kwa bahati vilima vya Ngong vilikuwa vinaonekana nyuma yetu. Nikageuza, nikavifuata, tukatua Wilson na mafuta ya kutosha.

Shemeji alinyamaza njia nzima. Nyumbani hakunyamaza. Mke wangu amesema: "Ama ununue kifaa cha maana, ama hizo Jumapili zako tuzigawane." Amenitengea laki moja na nusu kutoka kwenye pesa za kutengeneza jikoni.

Sasa kila mtu ana lake. Mzee mmoja pale Wilson ananiuzia GPS yake ya ndege, ya kampuni ya Garmin, GPSMAP 496, kwa elfu thelathini, na anasema inapokea hata hali ya hewa kwa setilaiti. Mmoja wa wenzangu katika ndege anataka wote wanne tuchange tununue aera 760, nayo ya Garmin, yenye skrini kubwa. Mwingine anasema tableti yangu imezeeka, ninunue mpya basi. Muuza duka la vifaa vya wapanda milima amenionyesha GPS ndogo ya mkononi, bei nafuu, inatumia betri za tochi. Na binamu yangu aliye Marekani anakuja mwezi wa nane, yuko tayari kuniletea chochote.

Ninunue ipi? Naomba jibu ambalo naweza kumsomea mama watoto.

Rubani wa Jumapili, Nairobi

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na rula, kipimapembe na ramani mezani, maana namba ulizoniandikia zilinisumbua kuliko hiyo tableti.

Rafiki yako aliandika 1 48 na 36 30. Hakuweka nukta. Marubani na watu wa kambi wakitaja mahali namna hiyo wana maana ya digrii na dakika: digrii 1 dakika 48, digrii 36 dakika 30. Wewe ukatia nukta, na programu ikaelewa desimali. Digrii ina dakika 60, haina 100. Kwa hiyo 1.48 yako ni digrii 1 na dakika 28.8, na 36.30 yako ni digrii 36 na dakika 18. Umepotoka dakika 19 kwenda kaskazini na dakika 12 kwenda magharibi. Hapa kwetu, kando ya ikweta, dakika moja ni karibu sawa na maili moja ya baharini, mita 1,852, ukipima huku au kule. Ukiunganisha hizo mbili unapata maili 22 na nusu. Kiwanja cha rafiki yako kilikuwa kilomita 42 kutoka pale ulipokuwa unawazungukia mbuzi wa watu.

Kilichokuponza zaidi ni umbali kufanana. Wilson hadi kambini ni maili 34. Wilson hadi kwenye boma lile ni maili 32. Ungeona maili 60 ungeshtuka, lakini 32 kwa 34 nani angeuliza? Sasa tazama mwelekeo. Kambi iko digrii 213, kusini-magharibi. Mstari wako ulikwenda digrii 253, karibu magharibi yenyewe. Hizo ni digrii 40 za tofauti, na zilikuwa zimeandikwa kwenye skrini muda wote. Tena ile mitambo ya upepo iko ncha ya kaskazini ya vilima vya Ngong. Anayekwenda kambini kwa mstari ulionyooka hupita upande wa Kiserian, vilima vyote vikabaki mkono wake wa kulia. Kumbe wakati shemeji anapiga picha, mandhari yenyewe ilikuwa inakuambia umepotea, na robo saa ilikuwa haijaisha tangu uruke.

Sikusuti. Mimi mwenyewe niliwahi kuingiza kiwanja kilicho karibu na Nanyuki, ambako ikweta inapita pale pale, nikasahau kubadili N kuwa S. Karibu na Nanyuki kosa hilo ni maili chache tu, nikacheka. Ungelifanya wewe kwa namba zako za Magadi, mstari ungekupeleka bonde la Suguta, huko kusini ya Ziwa Turkana, na hapo hakuna wa kucheka. Nchi yetu imekatwa na ikweta, kwa hiyo herufi hiyo moja huku ina uzito kuliko kule vifaa hivi vinakotengenezwa.

Na ujue hata wakubwa yamewapata. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini, safari namba 007, ilipotoka njia yake mamia ya kilomita, ikaingia anga ya Urusi ya Kisovyeti na kutunguliwa. Watu 269 walikufa. Uchunguzi uliofuata ulieleza kwamba ndege iliendelea kushika mwelekeo wa dira tu, badala ya kuongozwa na mtambo wake wa kutafuta njia, na marubani hawakugundua. Mashine ilifanya ilichoambiwa. Baada ya msiba huo ndipo serikali ya Reagan ilipoahidi kwamba GPS, iliyokuwa bado inajengwa na jeshi la Marekani, itaachwa itumiwe na raia bure. Mwaka 2000, mwanzoni mwa Mei, wakaondoa na ule ukungu waliokuwa wameuweka makusudi kwenye mawimbi ya raia, na kosa la kipimo likashuka kutoka mita 100 hivi hadi mita chache. Kwa hiyo mahali ulipo, kifaa chochote kati ya hivyo ulivyovitaja kitakuambia kwa usahihi kuliko unavyohitaji. Unapokwenda utakiambia wewe.

Basi siku ile mlikuwa na makosa mawili. La namba ni lako, na hata ukinunua kifaa cha milioni litakufuata. La joto ni la kifaa, na hilo pesa inaliponya. Mwambie mama watoto kwamba anatibu la pili, na la kwanza nitakutibu mimi hapa chini bila malipo.

Tuanze na joto, kwa sababu ndilo linalochagua kifaa. Tableti imetengenezwa kwa ajili ya sebuleni. Hata iPad, ambayo marubani wa Ulaya na Marekani wameiganda, mtengenezaji wake ameiandikia mazingira ya nyuzi zisizozidi 35. Chini ya kioo cha Cessna, Januari, juu ya Magadi, nyuzi 35 ni asubuhi na mapema. Tableti mpya haitabadili hilo, itazima vile vile, ila kwa rangi nzuri zaidi. Huyo mwenzako mwambie asante. Na kama siku moja utanunua tableti kwa sababu nyingine, kumbuka iPad ya Wi-Fi pekee haina GPS ndani. Yenye sehemu ya laini ya simu ndiyo inayo, hata usipoweka laini.

Vifaa vya ndege vya mkononi vimeundwa vikae juani. Skrini inasomeka mwangaza mkali, na haifi kwa joto la chumba cha rubani. Hiyo ndiyo tofauti kubwa unayoilipia. Mengine mengi yaliyoandikwa kwenye sanduku ni ya nchi nyingine, na hapo ndipo nataka uwe mkali kama mama wa sokoni.

Kwa mfano hiyo hali ya hewa ya setilaiti ya mzee. 496 ilitoka mwaka 2006, na kweli ilipokea hali ya hewa, lakini kupitia redio ya setilaiti ya XM, inayohudumia Amerika ya Kaskazini. Hapa Wilson kipokezi hicho ni pambo. Simsemi vibaya mzee, pengine naye aliuziwa hivyo hivyo. Ndivyo ilivyo kwa vifaa vipya vinavyotangaza kupokea mvua na radi bure kutoka minara ya ardhini: mtandao huo wa minara ni wa Marekani. Na neno WAAS, linalotajwa kama mwujiza wa usahihi, ni mfumo wa kusahihisha mawimbi kwa Amerika ya Kaskazini. Ulaya wana wao unaoitwa EGNOS, nao haufiki kwetu. Usilipe hata shilingi moja ya ziada kwa hayo.

Hata hivyo 496 siidharau. Ina vitufe. Wewe hujaruka Bonde la Ufa saa nane mchana, au kama umeruka basi unajua: ndege inarushwa kama kikapu cha viazi kwenye matatu, na kidole ulichokusudia kigonge "nenda" kinagonga "futa". Kitufe unakipapasa bila kukitazama, skrini ya kugusa haikuruhusu. Skrini yake ni ndogo, lakini inatosha kuonyesha mstari, mwelekeo na maili. Kabla hujatoa elfu thelathini, iwashe nje, isubiri ipate setilaiti, kisha soma tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya sifuri, na mara ya mwisho ilikuwa usiku wa tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikusasishwa hurudi nyuma karibu miaka ishirini. Ukiona tarehe ya zamani, mahali huenda pakawa sahihi, lakini saa za kuzama kwa jua zitakuwa ovyo, na wewe huna ruhusa ya kukutwa na giza. Muulize pia betri ina umri gani. Na muulize viwanja na mipaka ya anga vilivyomo ndani ni vya mwaka gani. Data za anga duniani hubadilishwa kila baada ya siku 28. Sikuambii ununue kila toleo, rubani wa Jumapili moja kwa mwezi atafilisika, lakini data ya miaka kumi iliyopita itakuonyesha masafa ya redio ambayo hayajibu.

Kile cha wapanda milima hakina viwanja wala mipaka ya anga. Wilson ina uwanja mkuu wa kimataifa upande mmoja na kambi ya anga ya Eastleigh upande mwingine, na mtu asiyeona mipaka hiyo kwenye skrini yake anahitaji kuijua kwa moyo. Kama akiba ndani ya mkoba, kinafaa: ukikiwekea alama ya kiwanja, kitakuonyesha mshale na umbali, na betri zake zinapatikana hata duka la Isinya. Lakini akiba hiyo unayo tayari bure. Ni simu yako. GPS ya simu inafanya kazi bila mtandao na bila laini, mradi ramani umeipakua nyumbani.

Aera 760 ni kifaa kizuri, ilitoka mwaka 2020 na skrini yake ni ya inchi 7. Nina sababu mbili za kukuzuia. Cessna 150 ni ndege ambayo wewe na shemeji mabega yenu yanagusana, na inchi 7 mbele ya usukani zitafunika kitu ambacho utakihitaji. Ya pili ni hiyo michango. Nimeona ndege nyingi za kuchangiana na zinaendeka vizuri, lakini kifaa cha watu wanne hakina wa kukichaji. Zamu yako itakapofika utakikuta kiko nyumbani kwa mtu Syokimau, au kipo ila huyo mtu amebadilisha vipimo kuwa kilomita, nawe unasoma 60 ukidhani ni maili. Changieni mafuta na matairi. Hiki kiwe chako mwenyewe. Isitoshe, peke yako 760 itavuka bajeti, na sitaki ugomvi na jikoni.

Kwa hiyo mtume binamu akuletee aera 660. Ilitoka mwaka 2016, skrini ni ya inchi 5, inatosha mkononi, na inakaa kwenye usukani bila kuziba kitu. Ni ya kugusa, kwa hiyo lile la vitufe unalipoteza. Dawa yake ni kuandaa safari nzima ardhini, ili angani uwe unatazama tu. Lakini msikilize binamu anaponunua. Vifaa hivi huuzwa kwa maeneo. Kule kwao kwa kawaida rafu zimejaa vyenye data ya Amerika, na ukikiwasha Nairobi utaona doa jeusi la ndege yako katikati ya bara tupu. Aombe toleo la Atlantic, ndilo lenye Afrika ndani. Kosa hili nimeliona kwa macho, mtu amesubiri miezi mitatu, sherehe imefanyika, kifaa hakiujui hata uwanja wa Wilson.

Ikiwa binamu atachelewa au pesa zitarudi jikoni, chukua ya mzee, lakini umpe elfu ishirini.

Kikifika, usiruke nacho bado. Kaa nacho mezani jioni tatu hivi. Fungua mipangilio na uchague namna moja ya kuandika mahali: digrii, dakika, na desimali za dakika. Ibaki hivyo milele, na kwenye simu na tableti weka hivyo hivyo. Mtu akikutumia namba, mwulize kwa maneno: "Hizo 48 ni dakika?" Swali hilo la maneno manne lingekupatia chai yako. Vipimo viwe maili za baharini, noti (yaani maili za baharini kwa saa) na futi. Mfumo wa ramani uache kwenye WGS 84. Ramani nyingi za zamani za karatasi za Kenya na Tanzania zilichorwa kwa mfumo mwingine uitwao Arc 1960, na namba ukizitoa huko na kuziingiza moja kwa moja utakuwa umekosea mita 300 hivi. Mchana mweupe mita 300 hazikupotezi, ila usije ukamlaumu setilaiti.

Kisha ingiza viwanja vyako mwenyewe. Hili wageni hawalijui: kifaa kina kitufe cha "kilicho karibu zaidi", na siku injini ikikohoa ndicho utakachokibonyeza. Kitakutajia vile tu vilivyo kwenye data yake. Viwanja vyetu vya vumbi, vya kambi, vya mashamba, vya misheni, vingi havimo. Ongea na marubani wa mizigo na wa wagonjwa pale Wilson, wanavijua kama wanavyojua njia ya nyumbani, na wanajua kipi kina mashimo na kipi kina pundamilia. Viandike kimoja kimoja, na kila ukiandika kimoja kipime kwenye karatasi.

Namna ya kupima ndiyo hii, na ningekuwa bado nafundisha nisingekutia sahihi bila hii. Chora mstari kwa penseli kwenye ramani ya karatasi. Pima mwelekeo kwa kipimapembe na umbali kwa rula. Andika pembeni vitu vitatu utakavyoviona njiani na dakika utakayoviona. Ndipo uwashe kifaa na uone kama kinakubaliana nawe. Kikikataa, mmoja wenu amekosea, na hakuna kuruka hadi mjue ni nani. Ungefanya hivyo Januari, kipimapembe kingesema 213 na tableti 253, ukiwa bado umevaa kandambili.

Hapa kwetu tuna bahati moja. Tofauti kati ya kaskazini ya ramani na kaskazini ya dira, ambayo wenzetu wa kule kwingine huijumlisha na kuitoa mpaka wanachoka, Nairobi haifiki digrii mbili. Unachopima kwenye karatasi ndicho karibu utakachokisoma kwenye dira. Ila angalia vishikio vya sumaku. Siku hizi watu wanabandika simu kwa sumaku chini ya dira, kisha wanashangaa dira imelewa.

Kuhusu ule ukurasa wa kifaa unaoipaka milima rangi: nyekundu ina maana ardhi iko ndani ya futi 100 za kimo chako au imekuzidi, njano ina maana ndani ya futi 1,000. Ni msaada mzuri ukiwa unavuka ukingo wa bonde. Lakini minara ya simu huota kila mwezi, usitarajie kifaa kiwe nayo yote. Na kimo cha GPS hakitalingana na altimita yako, kile kipima kimo cha ndege kinachotumia kanieneo ya hewa. Kwenye hewa yetu ya joto mara nyingi GPS itasema uko juu zaidi. Ukiongea na waongozaji wa ndege, sema cha altimita, maana ndicho wenzako wote angani wanachokitumia.

Halafu kuna namba moja kwenye skrini hiyo ambayo naiogopa kuliko zote, nayo ni mwendo. GPS inapima unavyokwenda juu ya ardhi. Mbawa hazijui ardhi, zinajua hewa. Wilson iko futi 5,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na siku isiyo na upepo kipima mwendo kikisema noti 60 GPS itasema 66 hivi. Sasa fikiria umeingia kutua, macho yako yako kwenye skrini mpya inayong'aa, unapunguza hadi isome 60. Kipima mwendo kiko 54. Ongeza upepo kidogo kutoka nyuma na kona ya mwisho ya kuingia uwanjani, mbawa zinaacha kubeba ukiwa futi 300. Ukianza kushuka kutua, geuza ukurasa wa GPS uonyeshe ramani tu. Au zima mwanga wake kabisa. Nilikuwa nikiwafunika wanafunzi wangu skrini kwa kofia.

Tableti usiitupe. Ishushe kutoka dashibodini, ifunge gotini kivulini, iwe na safari ile ile ndani yake, na kifaa kipya kiwe juu. Vikitofautiana, unarudi kwenye karatasi na saa. Umeme wa soketi ya kiberiti cha sigara kwenye Cessna za umri huo huja na kuondoka kama umeme wa mtaani, kwa hiyo kichaji nyumbani usiku wa Jumamosi, soketi iwe nyongeza tu.

Kama kuna masalio baada ya ushuru, kabla hujayarudisha jikoni ongea na mama watoto kuhusu kingine. GPS inakuambia wewe uko wapi, haimwambii yeye. Kuna vitoa mawimbi vidogo vya dharura vya megahezi 406, unavaa kiunoni, unavuta waya, na setilaiti zinasikia hata kule kwenye mbuzi. Usikubali kuuziwa kile cha zamani cha 121.5 peke yake. Setilaiti ziliacha kukisikiliza Februari 2009. Nadhani yeye ataona umuhimu wake haraka kuliko wewe.

Zile namba za rafiki yako sasa ziandike hivi: S 01 48.000, E 036 30.000. Kutoka Wilson skrini ikuonyeshe digrii 213, au moja pungufu ikiwa inasoma kwa dira, na maili 34. Vilima vya Ngong viwe kulia. Ondoka saa moja na nusu asubuhi kabla bonde halijachemka, na umpigie rafiki yako jana yake atoe ng'ombe kiwanjani. Shemeji mwulize kwa upole kama anataka kiti. Akikataa, usimlazimishe.